Daftari la Fundi Cherehani: Namna ya Kumpangia Mtoto wa Selimundu Wachangiaji wa Damu

Mimi ni fundi cherehani, na mezani kwangu kuna madaftari mawili. La kwanza lina vifua, viuno na urefu wa mikono ya wateja. La pili lina majina ya wateja walewale, ila mahali pa kiuno nimeandika kundi la damu, na mahali pa siku ya kuchukua nguo nimeandika siku ambayo mtu huyo ataruhusiwa kuchangia damu tena.

Hilo la pili nililianza kwa ajili ya mwanangu. Ana miaka tisa, ana selimundu, yaani sikoseli, na tangu akiwa na miaka mitano anaongezewa damu kila baada ya wiki nne. Wazazi wenzangu huniuliza nawapata wapi wachangiaji. Mara chache sana mtu huniuliza nawapanga vipi. Kuwapata si kazi kubwa kama inavyodhaniwa. Kazi ni kuwazuia wasije wote siku moja.

Usiku wa watu kumi na mmoja

Alikuwa na miaka minne. Mchana alicheza vizuri. Jioni akajilaza bila kula, nikampapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, nikakuta kitu kigumu kimetokeza ambacho asubuhi hakikuwapo. Midomo imepauka, viganja vyeupe. Bandama ilikuwa imenasa damu yake mwenyewe. Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa gramu 3.8 kwa desilita, naye kwa kawaida yake huishi na 7.5. (Kama una mtoto mdogo mwenye selimundu na hujafundishwa kupapasa bandama, mwambie muuguzi akufundishe kliniki ijayo. Mimi nilifundishwa, na ndiyo maana tuliwahi.)

Nikaambiwa nilete watu wa kuchangia. Nikapiga simu kama mwehu. Kufikia saa sita usiku walikuwa wamefika kumi na mmoja, nikashusha pumzi. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenye chumba cha maswali wakitikisa kichwa. Wawili hawakufika kilo 50, na mmoja wao nilimshonea gauni kwa mkono wangu. Ningemtazama kwa jicho la kazi ningejua. Mmoja alikuwa kwenye dozi ya antibiotiki kwa sababu ya jino. Mmoja alichora tatuu miezi miwili nyuma. Mmoja alitoka kunywa. Mmoja ananyonyesha. Mmoja presha yake ilikuwa juu, na mmoja wingi wa damu yake haukufika 12.5, kiwango ambacho vituo vingi huanzia. Wakabaki watatu.

Watatu hao wakatoa. Nikamuuliza kijana wa maabara damu yao itamfikia mwanangu baada ya dakika ngapi. Akafungua friji, akatoa chupa (siku hizi ni mfuko, lakini jina la chupa halitutoki midomoni), akanigeuzia lebo niisome. Tarehe ya kutolewa ilikuwa siku tisa nyuma.

"Atakayopewa ni hii, mama," akasema. "Ya ndugu zako bado haijapimwa."

Ilibidi kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Mtoto wangu aliokolewa na mtu aliyekwenda kukaa kwenye kiti siku tisa kabla sijajua kama nitamhitaji. Kila ninachoeleza hapa chini kimetoka kwenye lebo ile.

Ujue kwanza mwili wa mtoto

Seli nyekundu za mtu asiye na selimundu huishi kama siku 120. Za mwanangu huishi kati ya siku 10 na 20, kwa hiyo siku zote anatengeneza na siku zote anapungukiwa. Hilo peke yake si sababu ya kumwongezea damu. Watoto wengi wenye selimundu huishi na 7 au 8 wakaenda shule na kucheza, na maumivu ya kawaida ya mifupa hayatibiwi kwa chupa ya damu. Damu huhitajika bandama inaponasa, kifua kinapobana na hewa kupungua, maambukizi fulani yanapozima uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, kwa muda, au pale daktari anapotaka kuzuia kiharusi.

Mwanangu yuko kwenye hilo la mwisho. Alipimwa kichwani kwa mashine ya mawimbi ya sauti, dopla, ambayo husikiliza kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wa namna hiyo wakiongezewa damu kwa ratiba, kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Shabaha ni kuiweka hemoglobini ya selimundu (hemoglobini ndiyo inayobeba hewa ndani ya seli nyekundu) chini ya asilimia 30 ya hemoglobini yote mwilini. Wenzetu wenye watoto wa thalasemia kali wana ratiba pia, kila wiki mbili hadi tano, kwa sababu nyingine: mwili wa mtoto hautengenezi hemoglobini ya kutosha tangu mwanzo. Daftari ni lilelile.

Kabla hujamtafuta mchangiaji hata mmoja, omba kadi ya mtoto ikamilike. Wengi tunajua kundi tu, O au A, na chanya au hasi. Seli nyekundu zina alama nyingine nyingi juu yake, na kwa mtoto anayeongezewa mara kwa mara zile za Rh zinazoandikwa C, c, E na e, pamoja na ya Kell, zina maana kubwa. Akipewa damu yenye alama asiyo nayo, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa kuishambulia alama hiyo, na kila kingamwili inapunguza idadi ya chupa zinazomfaa. Upimaji huo ufanyike kabla ya chupa yake ya kwanza ikiwezekana, kwa sababu baada ya hapo damu ya watu wengine inakuwa imechanganyika na yake na majibu ya kipimo cha kawaida yanavurugika kwa miezi kadhaa.

Kingamwili zina tabia moja mbaya: baada ya muda zinaweza kushuka mpaka kipimo kisizione, halafu chupa isiyofaa ikiingia zinaamka kwa kishindo. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa "ana kingamwili dhidi ya E" itembee na mtoto hospitali yoyote atakayokwenda, hata kama majibu ya leo ni safi. Mimi nimeipiga picha, nimeitoa nakala, na nakala moja nimeishonea mfuko ndani ya begi lake la shule. Kushona sishindwi.

Na tuelewane juu ya herufi. Watu husema "mimi damu yangu ni AS, inamfaa?" AS, AA na SS ni habari ya hemoglobini uliyorithi. A, B, AB na O ni kundi la damu. Mimi ni mbebaji, yaani AS: nimerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na siumwi. Kundi langu ni A. Mwanangu ni SS, kairithi kwa wazazi wote wawili, na kundi lake ni O, kwa hiyo hupokea O tu. Herufi zinafanana, mambo ni mbali kabisa.

Wewe mzazi huenda si wa kumchangia

Hili liliniuma, na bado linaniuma. Nilidhani mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti ni mimi. Kumbe hata kundi letu lingekuwa moja, ningezuiwa. Kwanza ni mbebaji, na kwa mtoto ambaye tunajaribu kushusha hemoglobini ya selimundu mwilini, kumwekea nyingine kutoka kwa mbebaji ni kujaza pipa linalotobolewa. Pili, damu ya ndugu wa karibu inaweza kubeba seli nyeupe ambazo mwili wa mtoto hauzitambui kuwa ni wageni; zikakaa, zikazaana, zikaanza kumshambulia. Ndiyo maana damu ya mzazi au ndugu wa tumbo moja, ikibidi itumike, hupigwa mionzi kwanza. Tatu, kama kuna matumaini ya kupandikizwa uboho siku moja, mtoaji wa uboho huo huenda akawa ndugu yake, na kumzoesha mwili wa mtoto damu ya ndugu huyo mapema kunaweza kuharibu upandikizaji.

Kwa hiyo dada yake anayemlilia aongezewe damu yake, na shangazi anayekunja mkono wa blauzi hapo wodini, watulize. Waambie wachangie benki ya damu, si mtoto. Mimi mwenyewe nachangia kwenye kituo kinachokubali wabebaji, na huwa nasema wazi kwamba ni AS, kwa sababu damu ya wabebaji inaweza kuziba vichujio vya seli nyeupe na wao wanajua waipeleke wapi. Chupa yangu huenda ikamfikia mzazi anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Ya mwanangu inatoka kwa mtu mwingine asiyenijua.

Ukishalikubali jambo hili, kichwa kinatulia. Unaacha kutafuta "damu ya mtoto wangu" na unaanza kujaza rafu.

Daftari lenyewe

Alipotimiza miaka sita nilifanya kosa ambalo nililiita wakati ule ushindi. Niliwaomba wateja wote, badala ya zawadi, waje kuchangia damu. Walikuja na wakakubaliwa ishirini na watatu kwa siku moja. Tulipiga picha tumejaa mpaka mlangoni.

Wiki saba baadaye O ikakosekana. Nikashika simu. Kila niliyempigia alikuwa ni yule aliyekuwa kwenye picha, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kutoa tena. Damu yao ambayo haikutumika nayo ilikwishapita muda: seli nyekundu hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 6, kwa siku 35 au 42 kulingana na dawa iliyomo mfukoni, basi. Wiki tano hadi sita za neema, kisha ukame, na ukame huo niliuandaa mimi kwa keki na maputo.

Ndipo nikaanza hesabu kama ninavyohesabu kitambaa. Mwanangu ana kilo 24. Mtoto huongezewa takriban mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo yeye ni karibu chupa moja ya seli nyekundu kila safari, safari 13 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanaume asubiri angalau wiki 12 kati ya mchango na mchango, mwanamke wiki 16. Vituo vingine vina muda wao, nawe fuata wa kituo chako. Kwa wiki hizo, mwanaume atatoa mara nne kwa mwaka, mwanamke mara tatu. Kwenye karatasi, wanaume wanne wanatosha kabisa.

Karatasi haiugui mafua wala haisafiri. Mimi nina watu 16: wanaume kumi, wanawake sita. Wote wakija kila zamu ni michango 58, yaani zaidi kidogo ya mtu mmoja kila wiki. Hawaji wote. Wa kundi O ni saba tu, na hilo halinisumbui, kwa kuwa mtu wa B anayechangia leo anamtoa mtoto wa mwenzangu kwenye foleni. Na maabara haitafuti chupa moja ya O. Inatafuta moja kati ya kadhaa ambayo alama zake zinalingana na kadi. Rafu ikiwa na chupa mbili za O, nafasi ya kulingana ni ndogo. Ikiwa na kumi na tano, kijana wa maabara anachagua kama mtu anayechagua vifungo.

Uwezekano wa alama kulingana huwa mkubwa zaidi kwa watu wenye asili moja na mtoto. Kuna alama, ya Duffy kwa mfano, ambayo watu wengi wa asili ya Afrika hawana na wengi wa Ulaya wanayo. Kwa hiyo anza na watu wa jamii ya mtoto wako, wasiwe ndugu wa karibu.

Ukurasa wangu una safu tano: jina, kundi, siku aliyotoa mara ya mwisho, siku anayoruhusiwa, na maelezo. Safu ya maelezo ndiyo tamu. "Huzimia, asije peke yake." "Akiona sindano anaongea sana, mwache aongee." "Msimu wa mitihani asiulizwe." "Alikataliwa kwa presha, arudi baada ya kuonana na daktari." Sipangi zaidi ya watu wawili kwa wiki moja, na kila kliniki ya mwanangu natazama nyuma kuona kama wiki mbili zilizotangulia kuna mtu amekwenda. Pakiwa patupu, nampigia wa zamu inayofuata.

Namna ya kuomba

Huwa naomba mtu akiwa amesimama wima mikono imenyooshwa, tepu ya kupimia iko kifuani mwake, hana pa kukimbilia. Natania. Lakini ni kweli kwamba ombi zuri linakuja katikati ya kazi, kwa sauti ya kawaida, si kwa kilio. Nasema: "Mwanangu anaishi kwa damu za watu. Sikuombi leo. Nikikupa tarehe mwezi ujao, utakwenda?" Anayesema ndiyo kwa tarehe huja. Anayesema "wakati wowote, nipigie tu" mara nyingi haji, na simlaumu.

Picha ya mtoto akiwa na mipira puani usiitume. Inaleta watu arobaini kwa siku moja na hakuna hata mmoja baada ya miezi mitatu, na mtoto atakua aikute.

Usilipe. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikwishalisema mwaka 1975, kwamba uchangiaji uwe wa hiari na bila malipo, na sababu ni ya kawaida kabisa: anayeuza damu ana kila sababu ya kuficha ugonjwa. Nauli au chakula cha mchana baada ya kutoa, kituo chenyewe kina utaratibu wake, uliza.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimeona wazazi wema wakikosea. Usimsindikize mtu mpaka kwenye kiti cha maswali. Kule ataulizwa mambo ya dawa anazotumia, safari, wapenzi wake. Ukiwa umesimama mlangoni na macho ya mama mgonjwa, atajibu ili asikuaibishe. Vipimo vya maabara ni vizuri, lakini maambukizi ya siku chache zilizopita yanaweza yasionekane bado. Ukweli wa mtu aliye peke yake na muuguzi ndio ulinzi wa kwanza wa mwanao. Huwa nawaambia watu wangu mapema: "Ukirudi umesema haikuwezekana leo, sitauliza kwa nini." Na siulizi. Kwenye daftari naandika "bado", natia kituo.

Siku ya kutoa

Hapa mambo ni machache. Awe amelala vya kutosha, amekula, na amekunywa maji kama nusu lita muda mfupi kabla ya sindano. Wengi wanaozimia ni wale waliokwenda na njaa "ili damu iwe safi", imani ambayo sijui ilianzia wapi. Aende na kitambulisho na kadi ya mchangiaji. Avae mkono mpana. Nimeshona mashati ya kutosha kujua mikono ipi haipandi juu ya kiwiko, na wateja wangu wawili walinikumbuka kwa ubaya kwa sababu hiyo.

Kinachotolewa ni kama mililita 450, na mtu mzima ana lita tano hivi. Sindano yenyewe hukaa dakika zisizozidi kumi na tano. Kwa yule anayezimia nimejifunza mbinu moja inayofanya kazi: akiwa kwenye kiti akaze misuli ya mapaja na makalio kwa sekunde chache, aachie, akaze tena, mpaka mwisho. Presha haishuki ghafla. Akimaliza abonyeze pamba mkono ukiwa umenyooka, asiukunje, akae dakika kumi na tano, na siku hiyo mkono ule usibebe ndoo.

Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, seli nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchukua miezi. Kila mchango huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Wanawake ninaowapenda kuwaona wakirudi ndio wanaoishiwa chuma kwanza, kwa hiyo aliyepimwa akakutwa 12.1 naandika miezi sita, si wiki 16, na namwambia aonane na mtu wa afya kuhusu chuma kabla ya kunirudia.

Kando ya kitanda

Siku ya mtoto kuongezewa, kazi yako inarudi kuwa macho. Muuguzi asome jina lote, namba ya hospitali na kundi kutoka kwenye mfuko na kutoka kwenye mkono wa mtoto, kwa sauti, na mwingine ahakikishe. Wakikuona unasikiliza hawachukii, wazuri hufurahi. Mara moja niliona mfuko wenye jina la kwanza la mwanangu na jina la pili la mtoto mwingine. Nilisema "subirini", wakasubiri.

Mfuko ukitoka kwenye friji uanze ndani ya dakika 30, uishe ndani ya saa nne. Usiupashe kwa maji moto wala kuuweka juani hata ukiwa baridi kama jiwe; joto linapasua seli. Dakika 15 za mwanzo usiende kununua kitu, usishike simu. Akitetemeka, akipata homa, vipele, maumivu ya mgongo, akibanwa pumzi, au akisema tu "mama, sijisikii vizuri" kwa namna usiyoizoea, ita mtu afunge mrija kwanza, maswali baadaye.

Kuna shida nyingine ya kuongezewa damu, inayochelewa, na hii ndiyo inayowapata wazazi wakiwa nyumbani wamejipumzisha. Kuanzia siku ya tatu hivi hadi wiki mbili na hata zaidi, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho yakawa ya njano kuliko kawaida yake, maumivu yakarudi, wingi wa damu ukashuka chini ya ulivyokuwa kabla ya chupa. Inafanana na maumivu ya selimundu, kwa hiyo hata mhudumu anaweza kudhani ndiyo. Sema neno hili kwa sauti: "Aliongezewa damu tarehe fulani." Na onyesha kadi. Kumwongezea nyingine haraka kunaweza kuzidisha.

Usidai chupa ya pili eti kwa sababu umeleta wachangiaji wawili. Kwa mtoto wa selimundu ambaye hajabadilishiwa damu bali ameongezewa tu, wingi wa damu kuvuka 10 kunaifanya damu iwe nzito, na damu nzito kwenye mishipa yake ni hatari ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Halafu kuna chuma. Kile kinachomtoka mchangiaji wangu hadi nimpe miezi sita ya kupumzika, ndicho kinachomjaa mwanangu, na mwili hauna mlango wa kukitolea. Hupoteza miligramu moja au mbili kwa siku. Chupa 13 kwa mwaka ni zaidi ya miligramu 2,600, wakati mwili mzima wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne. Kinakwenda kwenye ini, kwenye moyo, kwenye tezi. Kwa hiyo apimwe feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma, kwa ratiba, na ikivuka 1,000 na kubaki huko daktari ataanza kuzungumzia dawa ya kukitoa. Mwanangu anakunywa deferasiroksi kila asubuhi kabla ya kula, kidonge kinachoyeyushwa kwenye glasi ya maji, na uso anaoukunja ungeuona ungecheka. Zile "dawa za kuongeza damu" anazoletewa na jamaa wenye huruma nyingi zina chuma. Nazipokea, nashukuru, nazipeleka kwa mchangiaji aliyepimwa akapungukiwa, daktari wake akiridhia.

Juzi daktari alianza kunieleza kuhusu kumhamishia polepole kwenye hidroksiyurea, dawa ya kunywa ya selimundu, kama dopla itaendelea kuwa nzuri. Huenda mwakani tukapunguza chupa. Wapo watoto wawili kwenye kliniki yetu walioanza ratiba mwaka huu, na mmoja wao ni O.

Leo nimemaliza suruali mbili za kijivu za mteja wa ukurasa wa nne. Ziko tayari tangu Jumatatu, zimepigwa pasi, zinaning'inia nyuma ya mlango. Nimemwandikia azifuate Alhamisi asubuhi, awe amekula, na anywe maji njiani. Alhamisi ndiyo siku yake ya 84.